Jiwe la marehemu babu linawaka kwenye taa ya kukagulia noti, naombeni wanaojua mawe (Dodoma)

Kijana wa Nkuhungu

Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo linanikosesha usingizi karibu wiki mbili sasa, naombeni msaada kwa wenye uelewa wa mawe.

Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana, na juzi kati tulienda Hombolo kusafisha chumba chake, chini ya kitanda tukakuta kasanduku ka mbao kana mawe sita yamefungwa na magazeti ya zamani. Mzee enzi za ujana wake alikuwa fundi wa Mwitaliano mmoja aliyekuwa anachimba visima vya maji huku kwetu, na baba mdogo anasema yule Mwitaliano alipoondoka ndo alimwachia hilo sanduku, babu akalitunza miaka yote hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mawe matano ni ya kawaida tu kwa macho yangu. Hili la sita ndo lenye mambo.

Ukubwa wake ni kama ngumi ya mtu mzima. Chini ni jiwe la kijivu lisilo na umbo, juu yake vimesimama vijiti vifupi vinene vya pembe sita, vimebanana banana kila kimoja na upande wake, rangi ni nyeupe ya mshumaa, na katikati kuna vidoadoa vya njano. Sasa mi nina kibanda cha miamala maeneo ya Sabasaba, nikalibeba nimwonyeshe mteja wangu mmoja ambaye ni broka wa madini. Jioni umeme ukakatika, nikawasha ile taa yangu ndogo ya kukagulia noti inayotumia betri, na jiwe lilikuwa pembeni hapo hapo mezani. Wakuu, liliwaka lote! Rangi kama ndani ya pera lililoiva, laini hivi ya kupendeza, nikazima taa kwa mshtuko na bado likabaki linang'aa weupe wa kijani kwa muda mfupi kama ile mishale ya saa za zamani, afu likafa polepole. Nimerudia zaidi ya mara ishirini na kila mara linafanya vile vile.

Broka kaniambia ni kwazi (yale mawe magumu ya kung'aa, quartz) aina fulani ya kuwaka, ananipa elfu themanini cash na akasema kama nataka bei nzuri zaidi nililoweke kwenye maji ya betri litakate vumbi lote, na nitoe kikaratasi kilichogandishwa chini maana kinalichafua, yeye atalipeleka kukatwa liwe kito. Jirani yangu yeye kasema hiyo ni urani kabisa, kinachowaka gizani ni urani. Mama kasikia hilo neno tu hataki jiwe lilale ndani, anasema nilirudishe Hombolo nikalitupe bwawani. Kwa sasa liko kibandani chini ya kaunta.

Naombeni kujua ni jiwe gani, lina madhara? na je elfu themanini ni haki? Picha nimeweka hapo, moja ya mchana na moja ya gizani ingawa simu yangu haikuchukua vizuri ile rangi.

Bahi Sokoni

Mkuu pole kwa msiba wa mzee. Mimi ntaongea kwa uzoefu wa huku kwetu, Bahi na Manyoni walikuja watafiti wa urani wakazunguka sana na vyombo vyao kwenye mbuga, kwahiyo urani ukanda wetu si hadithi ipo kweli ardhini. Sikutishi ila kama jiwe linawaka lenyewe gizani mi ningelitoa kibandani leo leo, wewe unakaa hapo masaa kumi na mbili kwa siku liko karibu na miguu yako. Msikilize mama.

MwanaWinza

Hapana kaka usilitupe kwanza.

Kuwaka kwenye taa ya UV, yaani kama hiyo yako ya noti, sio urani. Mi nimechimba Winza kule Mpwapwa kipindi rubi imetoka 2008, watu walikuwa wamejaa kama mnadani, usiku ulikuwa unawasikia Wathai, Wasrilanka, wote wapo porini. Rubi ukiimulika na UV inawaka nyekundu kama kaa la moto, na ile haina urani yoyote, ni kromu iliyomo ndani ndo inafanya vile. Spineli nyekundu ya Mahenge, kito kingine hicho, nayo inawaka. Hata nge! chukua hiyo hiyo taa yako usiku tembea nyuma ya nyumba geuza mawe, nge anawaka kibuluu cha kijani utamwona kwa mbali, na nge hana urani.

Ila na mimi nikuonye upande wa pili maana hili jambo liliniumiza. Kuwaka pia sio uthibitisho wa thamani. Baada ya kutoka Winza nilikuwa na mtaji kidogo, akaja jamaa mmoja na rafu za rubi, yaani ambazo hazijakatwa, gramu kadhaa, tukazimulika na UV zikawaka nyekundu kali kuliko zote nilizowahi kuona, nikajua hapa nimetoka kimaisha. Nikatoa hela yote ya miezi saba. Kumbe zilikuwa za kutengenezwa kiwandani, na za kiwandani mara nyingi zinawaka kuliko za ardhini kwa sababu hazina chuma cha kuzima ule mwanga. Mke wangu alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili wakati ule. Tangu siku hiyo taa kwangu ni kitu cha kuuliza swali tu, jibu lazima litoke kwingine.

Kuhusu kwazi, jaribu kisu. Kwazi haichuniki na kisu, yenyewe ndo inachuna kioo. Kama kisu kinaingia kwenye jiwe lako basi broka wako ama hajui ama anajua sana.

Mama Kalsaiti

Mwanangu, nimeona ujumbe wako nikiwa nakoroga uji wa wajukuu nikaacha mwiko, tafadhali sana USILIWEKE KWENYE MAJI YA BETRI. Usiliweke kwenye siki, wala ndimu, wala ile dawa ya kusafishia choo. Nilisoma Chuo cha Madini hapa Dodoma na nimefanya kazi maabara muda mrefu kabla ya kustaafu, nikiangalia hiyo picha yako ya mchana naona jiwe la jamii ya chokaa, na chokaa na asidi ni kama chumvi na mvua, vile vijiti vyako vya pembe sita vitachemka povu mbele ya macho yako na ukija kulitoa utatoa kitu kimelika kama sabuni.

Sasa nieleze ninachodhani, halafu utafanya vipimo vitatu uturudishie majibu.

Nadhani ni aragonaiti. Hiyo ni kalsiamu kaboneti, yaani vitu vilivyomo ni vile vile vya kalsaiti, marumaru, na chokaa ya kupakia ukuta kabla haijachomwa. Tofauti yake na kalsaiti ni namna atomu zilivyojipanga ndani, ni kama matofali yale yale umejenga nyumba mbili za ramani tofauti. Na huna haja ya kwenda mbali kuiona, gamba la kauri wa baharini ni aragonaiti, lulu ni aragonaiti, na hata yule konokono mkubwa anayekula mchicha wetu masika, gamba lake ni hiyo hiyo. Viumbe wanaitengeneza wenyewe miilini mwao. Ila ya kwenye miamba, iliyokua fuwele kubwa safi za pembe sita kama zako, hiyo ndo wakusanyaji wanaitafuta.

Hizo pembe sita zenyewe zina siri. Aragonaiti peke yake haina umbo la pembe sita kamili, kinachotokea ni fuwele tatu zinakua zimepenyana, zinajifunga pamoja mpaka kwa nje unaona kijiti kimoja cha pembe sita. Chukua lenzi, hata ile ya fundi saa, tazama juu kwenye kichwa cha kijiti. Ukiona mistari au vibonde vinavyoonyesha pale zilipokutana, hicho ni kipimo cha kwanza.

Cha pili, angalia kama ndani ya sanduku kuna kipande kilichobanduka. Usiguse jiwe lenyewe! Kipande tu. Angalia kilivyovunjika. Kalsaiti inavunjika kwa nyuso nyororo zilizolala upande, kama kiboksi cha kiberiti ulichokisukuma kikapinda. Aragonaiti haifanyi hivyo, inavunjika ovyo ovyo tu. Hapo kwenye kipande ndo ujaribu na kisu kama alivyosema mwenzangu wa Winza, kwenye kipimo cha ugumu cha 1 mpaka 10 aragonaiti ni 3.5 mpaka 4, kalsaiti 3, kwazi 7, kisu ni kama 5.5.

Cha tatu ndo mfalme wa vipimo kwa mtu asiye na maabara. Nenda kwa sonara mwenye mzani wa kusoma mpaka senti ya gramu. Pima kipande kikavu, andika. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mzani, rudisha mzani usome sifuri, funga kipande na uzi mwembamba ukining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe, soma namba. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Ikija karibu na 2.7 ni kalsaiti, ikija 2.9 na kitu ni aragonaiti. Toa mapovu ya hewa yote kwenye kipande kabla ya kusoma, yanadanganya.

Na kuwaka. Mwanga wa UV hatuuoni, jiwe linaupokea, linapoteza nguvu kidogo ndani na kuutoa tena kama mwanga tunaouona. Mara nyingi kinachosababisha ni uchafu mdogo mno uliojificha ndani, kama manganizi au mabaki ya vitu vya asili ya mafuta. Ule mng'ao unaobaki baada ya kuzima ni nguvu iliyonasa ndani inatoka taratibu. Jiwe lenyewe halitoi kitu chochote cha kudhuru, limeazima mwanga wako linarudisha. Hayo madini ya urani yanayowaka yapo, yanatoa kijani kikali sana, ila mengi ya urani hayawaki kabisa na mengi yanayowaka hayana urani. Mwambie mama alale kwa amani.

Swali langu kubwa ni hilo ulilolipita haraka haraka. Umesema kuna kikaratasi kimegandishwa chini. KIMEANDIKWAJE? Usikibandue.

Nzuguni B

Samahani mama, nauliza kwa faida ya wengine, mi nimenunua tochi ya UV buku kumi mjini, nikimulika kila kitu kinakuwa zambarau hata ukuta, inafaa kwa mawe?

Mama Kalsaiti

Hiyo tochi yako itakuwa ya nanomita 395 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), inatoa zambarau nyingi ya kuonekana na inafunika rangi ya jiwe. Tafuta ya 365. Taa nyingi za noti zenye kibalbu kirefu ziko huko kwenye 365 ndo maana ya huyu kijana imefanya kazi vizuri. Kuna na taa za mawimbi mafupi, nanomita 254, hizo wakusanyaji wanazo kwa sababu jiwe moja linaweza kutoa rangi moja kwenye 365 na nyingine kwenye 254. Ila hizo si za kuchezea, zinaunguza macho na ngozi, ukiitumia vaa miwani ya kuzuia UV na usiielekeze kwa mtoto.

Kijana wa Nkuhungu

Mama asante sana Mungu akuzidishie, asante na kaka wa Winza, pole sana kwa yaliyokukuta. Samahani nimekawia, nilibidi nisubiri Jumapili ndo nifunge kibanda.

Majibu ni haya. Kwenye lenzi nimeona! juu ya kila kijiti kuna mistari inakutana katikati, na kwenye pembeni za baadhi kuna kama mfereji mwembamba unashuka. Kipande kidogo kilikuwepo kwenye gazeti, kimevunjika hovyo kama alivyosema mama, hakuna uso nyororo. Kisu kinakichuna bila shida ila shilingi haikukichuna vizuri. Kwa sonara pale Majengo nimepima kikavu gramu 6.20, kwenye maji ikasoma 2.11, nikipiga mahesabu napata 2.94. Sonara mwenyewe alishangaa akataka nimfundishe, tukapima na vipande vyake viwili vitatu pale tukajikuta tumekaa mpaka giza limeingia.

Karatasi sasa. Ni ndogo kama stempu mbili, imekuwa ya kahawia, wino wa kalamu ya kuchovya nadhani, upande mmoja mende wamekula. Nimeisoma kwa lenzi herufi kwa herufi: Aragonite con zolfo. Chini yake Girgenti. Halafu namba 114, na herufi nyingine mbili zimefutika. Na nikakumbuka yale mawe matano mengine, nikarudi kuyatazama, manne yana vikaratasi hivyo hivyo vyenye mwandiko ule ule, la tano kilibanduka kikaangukia chini ya sanduku. Nilikuwa nimekifagia pamoja na uchafu wakuu, nikakiokota kwenye ndoo ya taka.

Mama yangu nimemsomea maelezo yako yote ya urani. Kasema sawa lirudi ndani lakini lisikae chumbani kwake.

Mkusanya Mawe, Arusha

Kijana nimesoma hapo kwenye Girgenti nikasimama. Tafadhali usiuze chochote wiki hii.

Mi naishi kwa kuuza spesimeni, sio vito vya kukata, yaani mawe ya kuangalia tu yabaki na umbo lake la ardhini. Wakusanyaji wako Marekani, Ujerumani, Ufaransa, Japani, wanakutana kila mwaka Tucson mwezi wa pili, Sainte-Marie-aux-Mines mwezi wa sita, Munich mwezi wa kumi, na kati yao kuna kundi zima linalopenda mawe yanayowaka kwenye UV tu, wana vyumba vya giza nyumbani kwao na taa za kila aina. Nakuambia hivi uelewe kwamba soko la jiwe lako si mkataji. Aragonaiti ni laini mno kwa pete, ikikatwa inakuwa kipande cha weupe ambacho hakuna wa kukitaka. Yule broka akilikata anaua kitu.

Sasa Girgenti. Ni mji wa Sicily, Italia, siku hizi unaitwa Agrigento. Jina lilibadilishwa 1927. Kwahiyo aliyeandika hicho kikaratasi ama aliandika kabla ya mwaka huo ama alikuwa mtu wa zamani aliyeendelea kutumia jina alilokulia nalo, hilo la pili linatokea pia kwahiyo tusiseme mwaka kwa uhakika. Con zolfo maana yake pamoja na salfa. Hivyo vidoa vyako vya njano ni salfa halisi, ile ile wanayopulizia zabibu huku kwenu kuzuia ubwiri unga. Na si ajabu, Sicily karne ya 19 ndo ilikuwa inailisha dunia salfa, na zabibu za Ulaya zilikuwa wateja wake wakubwa baada ya ule ugonjwa kuingia kwenye mashamba yao. Migodi ya Girgenti, Cianciana, Racalmuto, huko kote ndani ya chokaa na salfa ndo zilipatikana hizi fuwele za aragonaiti za pembe sita, na zinajulikana kwa wakusanyaji wote kwa tabia hiyo hiyo uliyoiona, zinawaka upinki kwenye UV na ukizima taa zinabaki kidogo. Ulivyoandika ndani ya pera nilijua hata kabla sijafika kwenye karatasi.

Migodi ile iliporomoka pale Wamarekani walipopata njia ya Frasch ya kuyeyusha salfa chini ya ardhi kwa maji ya moto na kuipandisha juu, bei ya Sicily haikuweza kushindana. Siku hizi imefungwa. Maana yake hakuna mtu atakayeshuka kesho kuchimba nyingine, zilizopo ni zile zilizokwisha kutoka. Na waliozitoa walikuwa watoto wengi, waliitwa carusi, wanapandisha vikapu mgongoni kwenye mashimo yenye joto na moshi wa salfa. Nimewahi kuwaona vijana wadogo wa Mererani wanaoingia kwenye matobo membamba na kila nikishika jiwe la Sicily nawakumbuka.

Kwahiyo thamani yako iko wapi. Jiwe lenyewe bila karatasi ni aragonaiti nzuri, mtu atasema labda Sicily, labda Hispania, labda Moroko, maana zote hizo zina aragonaiti za pembe sita. Jina lenyewe aragonaiti limetoka Molina de Aragón ya Hispania. Karatasi ndo inasema hapa, na sio pale. Karatasi, namba 114, mwandiko, vikirudishwa na yale mengine matano inakuwa sehemu ya mkusanyo wa mtu mmoja, na wakusanyaji wa kweli wanafuatilia mpaka wanajua nani aliandika. Ukikibandua umebaki na jiwe yatima.

Elfu themanini sio haki. Bei kamili siwezi kusema kwa picha ya simu, inategemea fuwele ngapi ni nzima vichwani, maana moja ikiwa imepigwa ncha inashuka sana.

MwanaWinza

Mkuu wa Arusha nimejifunza kitu kikubwa leo. Sisi Winza tulikuwa tunapata matriki, yaani mwamba wenyewe, yenye rubi ndani, nyeusi na nyekundu, inapendeza, tunagonga nyundo tunatoa rubi tunatupa mwamba. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna watu wangenunua vile vile ilivyo. Natamani ningelijua hili 2008, nimevunja na mkono wangu huu vipande ambavyo mpaka leo naviona usingizini.

Bahi Sokoni

Nashukuru nimeelimika, ile ya urani naifuta mkuu, nilikuwa najali afya yako tu. Ila kisheria anaruhusiwa kukaa nalo? na kuliuza? maana siku hizi ukikutwa na jiwe unaulizwa leseni.

Mama Kalsaiti

Swali zuri. Kukaa na urithi wa babu yako nyumbani ni tofauti na kufanya biashara ya madini. Kuuza na hasa kusafirisha nje hapo ndo sheria ya madini ya 2010 na mabadiliko yake ya 2017 yanaingia, lazima kuwe na kibali na mizigo ipimwe. Jiwe likiwa la Italia bado mtu wa uwanja wa ndege hawezi kujua kwa kulitazama, ataona jiwe tu. Kwahiyo hatua ya kwanza usihangaike na mtu wa mtaani, sisi watu wa Dodoma tuna bahati, GST, yaani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, wako hapa hapa makao makuu, wana maabara na wana makumbusho ya miamba na madini. Peleka jiwe, peleka na karatasi, ombeni utambuzi wa maandishi. Kisha ofisi ya madini ya mkoa wakuelekeze hatua za kibali kama mkiamua kuuza. Karatasi rasmi ya utambuzi itamlinda hata mnunuzi.

Halafu mwanangu utunzaji, sikiliza kwa makini sababu hapo una vitu viwili kwenye jiwe moja. Aragonaiti inaogopa asidi. Salfa inaogopa joto. Salfa haipitishi joto vizuri, ukiikamata na kiganja cha moto nje inatanuka ndani bado, unaisikia inapasuka tik tik tik. Na jua letu hili la Oktoba! usiliache dirishani, wala kwenye bati, wala kwenye dashibodi ya gari, wala karibu na jiko. Shika chini kwenye ule mwamba wa kijivu. Vumbi toa na brashi laini ya kuchorea, usioshe, maji yatakula wino wa karatasi kabla hayajafika kwenye jiwe. Sanduku lile lile la mbao ni zuri, ila badilisha magazeti weka tishu nyeupe, na kila jiwe na kikaratasi chake. Kile ulichookota kwenye taka kiweke kwenye bahasha ndogo uandike juu yake kilipatikana wapi.

Na piga picha za vikaratasi vyote sita leo, mende hawangoji.

Nzuguni B

Mama je nikitaka kulifutia na ndimu kidogo sana tu sehemu moja nione kama

Mama Kalsaiti

Hapana.

Mkusanya Mawe, Arusha

Naongezea la picha ya gizani maana hiyo ndo itakayouza jiwe lako siku ikifika. Weka simu juu ya kitu isitikisike, chumba giza kabisa, chini weka kitambaa cheusi ambacho hakijafuliwa na sabuni ya unga, maana sabuni zile zina dawa ya kung'arisha inawaka buluu kwenye UV na itaharibu picha. Pangusa jiwe kwa brashi kwanza, nyuzi za tishu nazo zinawaka zitaonekana kama nywele. Halafu rekodi video sekunde kumi, washa taa, zima, ule mng'ao wa kijani unaobaki uonekane ukifa. Mnunuzi wa mawe ya Sicily anautaka huo zaidi ya kitu kingine.

Kijana wa Nkuhungu

Wakuu nimerudi. Nimekaa na mama na baba mdogo jana usiku, tukazima taa zote sebuleni nikawaonyesha. Baba mdogo alinyamaza muda mrefu afu akasema sasa ameelewa kitu. Wakati wao ni watoto Hombolo, kuna usiku babu alikuwa anachukua karabai lililozimwa, analiwasha limulike jiwe, analizima tena, na wao walikuwa wanachungulia mlangoni wakidhani mzee ana mambo yake ya kienyeji wakakimbia. Sijui kama mwanga wa karabai unatosha kuliwasha, ila yeye anaapa aliona weupe. Mzee hakuwahi kumwambia mtu.

Broka nimemjibu hapana, alipanda mpaka laki moja na nusu nikamwambia bado hapana, hajafurahi ila ameelewa.

GST naenda Jumatatu na baba mdogo. Familia imekubaliana hakuna la kuuza mpaka tusome vile vikaratasi vyote, na nimeanza, viwili tayari. Kimoja kimeandikwa Celestina, Girgenti, namba 97. Kingine ni kile nilichokitoa kwenye taka, mwandiko ule ule lakini wino ni mpya zaidi, hakuna Girgenti hapo, kimeandikwa Dodoma, na chini yake jina la babu yangu. Jiwe lenyewe ni jeupe la maziwa lenye ncha, kisu hakilichuni. Mkuu wa Arusha na mama, nikiwawekea picha yake kesho mtanisaidia?

Mama Kalsaiti

Weka leo usiku mwanangu, sitalala.